Kelele ni ya Fundi au ya Mwenye Gari?

MUUGUZI: Fundi, tuanze na lile ambalo hata wewe hulikatai. Barabara ya Kimara hadi Kibaha imepanuliwa, kilomita 19.2, njia nane. Ni barabara nzuri. Lakini tangu ipanuke, mwisho wa wiki usiku, sisi tunaokaa kuanzia Kiluvya mpaka Maili Moja tunajua nani ametoka mjini na gari lake. Mtoto anashtuka, mzee mwenye presha anashtuka, anayeingia zamu alfajiri ndiyo basi tena. Gari lile halikushuka bandarini likinguruma hivyo. Kuna mtu alilala chini yake akalikata. Mafundi wa eksozi mko wapi hapo?

FUNDI: Tuko chini ya gari, sista, sikatai. Ila uliza linapofika kwangu liko vipi. Gari la mtumba lina miaka 15, mengine 20. Yaliyotoka upande wa baridi kule Japani yametembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi imekula bomba lote kwa chini. Mwenyewe hana uwezo wa sailensa mpya ya kampuni, na ya mtumba nayo inakuja imeoza. Mimi nakunja bomba, nachomelea, nafunga. Gereji kama yangu ikifungwa, lile gari litatembea na tundu chini ya kiti cha abiria, na kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Hilo wewe muuguzi unalijua kuliko mimi.

MUUGUZI: Nalijua, na anayeziba tundu hilo namshukuru. Hayo ni matengenezo. Mimi nasema juu ya gari ambalo bomba lake ni zima kabisa, na mwenyewe analeta hela ili litolewe.

MWENYE GARI: Hapo naomba nijibu, mama, maana unanisema mimi. Nina Subaru yenye injini ya EJ20 na tabo. Bomba la kiwandani lilitengenezwa kwa kubana: limewekwa jembamba ili gari liwe la bei nafuu na lisisumbue mtu mjini Tokyo. Tabo inazungushwa na moshi. Moshi ukishapita pale, kila kizuizi kilichobaki nyuma yake ni nguvu inayopotea. Bomba la inchi tatu kutoka kwenye tabo mpaka mwisho, unaiona tofauti kwenye mlima wa kwanza tu. Silipii kelele. Nalipia pumzi ya injini.

MUUGUZI: Kwa hiyo kelele inakuja yenyewe, kama nyongeza?

MWENYE GARI: Ndiyo.

FUNDI: Kijana wangu, hapo sitakusaidia. Ngoja niseme ninachokiona kazini. Injini hii ya boksa ina silinda mbili kushoto na mbili kulia, na kwenye manifodi yake ya zamani mabomba hayalingani urefu. Moshi wa upande mmoja una safari ndefu kuliko wa upande wa pili, unachelewa kufika, basi mapigo hayafuatani kwa nafasi sawa. Ule mtutumo ambao watu wanaufahamu kuwa ni wa Subaru unatoka hapo, kwenye kutolingana. Mteja anakuja anataka nguvu. Namwambia nitakuundia manifodi yenye mabomba yanayolingana, mapigo yafike kwa mpangilio, tabo ijae mapema. Anauliza, mlio utabaki? Nikisema hapana, mlio utapotea, wengi wanaghairi. Anaacha nguvu, anachukua mlio. Sasa mimi nimwelezeje sista kwamba unalipia pumzi?

MWENYE GARI: Wengi si wote.

FUNDI: Wewe ulichagua nini?

MWENYE GARI: Mlio ni sehemu ya gari, fundi. Wazee wetu walisimama kando ya barabara tangu 1953 kuangalia rali ya Safari ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda na Volvo, na watu walilisikia lile gari kabla hawajaliona. Mapenzi haya hayakuanza na vijana wa leo.

MUUGUZI: Na Safari ilikuwa ikipita mara moja kwa mwaka, mchana watu wanaisubiri, usiku wanajua inakuja. Hakuna aliyekimbilia dirishani akidhani kumetokea ajali. Mimi mwenyewe napenda rali. Mashindano ya Iringa barabara hufungwa, kuna waamuzi, kuna gari la wagonjwa. Barabara ya Morogoro saa saba usiku ina nini? Ina malori, ina bodaboda, ina mtu anavuka kwenda nyumbani. Na wakigongana, majeruhi wanapelekwa Tumbi.

MWENYE GARI: Usichanganye mwendo na mlio, mama. Kuna magari ya kimya yanayokimbia kuliko langu.

MUUGUZI: Yapo. Lakini sijawahi kusikia mtu analipa apate mlio ule halafu anatembea taratibu asisikike.

MWALIMU WA UFUNDI: Niruhusuni niingie, kwa sababu tunazungumza kana kwamba kazi yenyewe ni ya kihuni, na si kweli. Nimefundisha uchomeleaji miaka mingi. Kukunja bomba la eksozi ni kazi ngumu kuliko geti na dirisha, na mafundi wa ukanda huu wanaifanya kwa zana chache sana. Fundi, mweleze sista unavyokunja.

FUNDI: Bomba la inchi tatu lenye ukuta wa milimita moja na nusu ukilikunja kwa nguvu tupu linabonyea kama mrija wa soda. Upande wa nje wa kona unavutika unakuwa mwembamba, upande wa ndani unajikusanya makunyanzi. Nje unaona inchi tatu, ndani njia imebaki mbili na kitu, hapo umempunja mteja na gari umelibana pale pale ulipotaka kulifungua. Wenye mashine ya mandreli wanaingiza kishikizo ndani ya bomba wakati linakunjwa, duara linabaki duara. Mimi sina. Kwa hiyo najaza mchanga. Lazima uwe mkavu, umekaangwa, kwa sababu ukiwa na unyevu na ukapata moto, mvuke unarusha kizibo, na kizibo kinakuja usoni. Nagonga bomba mpaka mchanga ushuke wote usiache nafasi, naziba kwa mbao huku na huku, napasha kwa gesi mpaka chuma kiwe chekundu, halafu nakunja polepole nikifuata mchoro wa chaki sakafuni. Ukiharakisha, umeharibu. Stenlesi siipashi hivyo. Ile nakata vipande vya pembe naviunga. Kona ya nyuzi 90 inakula vipande sita vya nyuzi 15, na kila kiungo kikae sawa, la sivyo bomba zima linapinda na mdomo wake unatokea nje ya bampa.

MUUGUZI: Sikujua ina mambo yote hayo.

FUNDI: Hakuna anayejua. Mtu anasikia mlio, anasema wahuni. Kibaha hii hii ndiko iliko karakana ya Nyumbu. Nchi hii iliunda lori lake la jeshi pale, kwa mikono ya Watanzania. Hatuwezi kujivunia lori lile halafu tuseme anayekunja bomba Kiluvya ni tatizo la mtaa.

MWALIMU: Nyumbu ni mfano mzuri, ila inakudai zaidi ya unavyofikiri. Kwenye karakana ya namna ile kila kipande kinapimwa, na anayekitengeneza analindwa. Fundi, mabomba unayatoa wapi?

FUNDI: Duka la vifaa vya ujenzi.

MWALIMU: Bomba la maji, lililopakwa zinki?

FUNDI: Mteja wa kawaida, ndiyo. Stenlesi anaimudu mwenye hela.

MWALIMU: Zinki inachemka kwenye nyuzi 907. Moto wa kuchomelea uko juu mno kuliko hapo, ndiyo maana unaona moshi mweupe. Kijana wako anauvuta mchana, jioni anatetemeka, ana homa na ladha ya chuma mdomoni, anadhani malaria. Kesho yake amepona, anarudi kazini, anauvuta tena. Wanakunywa maziwa wakiamini yanasafisha kifua. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko mapafuni. Stenlesi nayo isikudanganye kwa kung'aa, moshi wake una kromiamu ya aina mbaya. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea, wa chuma cha aina yoyote, kwenye kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Saga zinki yote pale unapochomelea kabla hujawasha, uwe na feni ya kuutoa moshi, uwe na barakoa ya kuchuja. Kitambaa cha pamba hakichuji kitu.

MUUGUZI: Vijana wako wangapi, fundi?

FUNDI: Watatu.

MUUGUZI: Wana barakoa?

FUNDI: Wana miwani.

MUUGUZI: Basi mimi niliyekuja kulalamikia kelele nimepata kubwa zaidi la kulalamikia. Mimi nikikosa usingizi nitalala mchana. Mapafu hayana mchana wake.

FUNDI: Barakoa nitanunua, hilo sibishani. Lakini angalieni mnavyonifanya. Mteja ananibana bei, nikisema stenlesi na kuchomelea kwa gesi ya agoni anakwenda kwa mwenzangu anayefunga bomba la maji nusu siku. Wote mnanihukumu mimi niliyesimama, yule aliyelipa kidogo anaondoka na gari.

MUUGUZI: Hapo kwenye bei ndipo ninapopataka. Niambie kuhusu masega, yale ya kusafishia moshi.

FUNDI: Masega vipi?

MUUGUZI: Yanatolewa, sivyo? Gari linakuja kufungwa bomba jipya, masega yanabaki gereji. Na wanunuzi wa masega wako kila mahali siku hizi, matangazo yamebandikwa mpaka kwenye nguzo. Mle ndani mna platinamu, paladiamu na rodiamu. Kwa hiyo fundi anapunguza bei ya kazi kwa sababu anajua masega yatamlipa. Mtu wa tatu katika biashara hiyo ni mimi ninayevuta moshi.

FUNDI: Unasema kweli nusu. Masega mengine yanafika yameshakufa. Gari linapiga misi, petroli isiyoungua inaingia mle na kuungulia humo, vile vitundu vinayeyuka na kuziba. Gari linakosa nguvu kabisa, halipandi hata kilima cha Pugu kwenda Kisarawe. Unataka nimrudishie kizibo?

MWALIMU: Kabla ya kuyatoa, unaangalia kwa nini yamekufa? Kama ni plagi au koili, ukiyatoa hujatibu kitu, umeficha ugonjwa. Masega mazima yakipata moto wa kutosha hugeuza kaboni monoksidi, mabaki ya petroli na oksidi za nitrojeni kuwa vitu visivyodhuru mapafu. Nchi zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, na sababu moja ilikuwa hiyo, risasi inayaua masega. Tulisafisha mafuta ili magari yaje na masega, halafu tunayakata sisi wenyewe tuyauze.

FUNDI: Mazima sitoi bila kuambiwa na mwenye gari.

MUUGUZI: Na akikuambia?

FUNDI: Gari ni lake.

MUUGUZI: Hewa je?

MWENYE GARI: Mama, nchi nzima ina daladala na malori yanatoa moshi mweusi mchana kweupe, na wewe umeishika Subaru moja.

MUUGUZI: Nikiliona lori hilo hapa nitalishika nalo. Leo umekuja wewe.

MWALIMU: Turudi kwenye kelele, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyetaja kipimo. "Kali", "kubwa", "ya kawaida", hayo hayapimiki. Japani wanapima hivi: kipima sauti kinawekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya nyuzi 45, injini inazungushwa robo tatu ya kasi inayotoa nguvu yake ya juu. Gari dogo la miaka ya 2000 lenye injini mbele halikuruhusiwa kuvuka desibeli 96. Sasa tupige hesabu. Mahali pa wazi, kila umbali ukizidi maradufu desibeli sita zinapungua. Nusu mita ni 96. Mita moja 90, mbili 84, nne 78, nane 72, mita 16 ni 66. Hiyo ni nyumba iliyo jirani na barabara. Gari lililokatwa sailensa likitoa 110 pale mdomoni, nyumba ile ile inapokea 80. Na desibeli kumi zaidi ni nishati mara kumi, sikio linaisikia kama mara mbili.

MUUGUZI: Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya lilisema wastani wa kelele za barabarani usiku usizidi desibeli 45. Mtu atasema hiyo ni wastani na gari linapita sekunde kumi. Aliyelala haamshwi na wastani. Anaamshwa na zile sekunde kumi.

FUNDI: Mwalimu, hiyo 96 ninaweza kuifikia na nguvu isipotee. Sailensa ndefu yenye bomba la matundu katikati na pamba ya kioo pembeni, moshi unapita moja kwa moja, sauti inanaswa na pamba. Naongeza chumba kidogo katikati ya gari kuua ule uvumi unaoumiza kichwa. Kwa gari lisilo na tabo kama Altezza, hata ukubwa wa bomba nitampunguzia, maana bomba likizidi upana moshi unakosa kasi na gari linakuwa zito chini. Bomba wazi si ufundi. Bomba wazi hata mtoto anaweza, ni msumeno tu. Ufundi ni gari kwenda kasi na jirani asijue.

MUUGUZI: Sasa hapo umenichanganya. Unaweza, na hufanyi.

FUNDI: Nafanya kwa anayeomba. Anayeomba ni mmoja mmoja.

MUUGUZI: Daktari haandiki dawa kwa sababu mgonjwa ameiomba.

FUNDI: Daktari ana mshahara, sista.

MWENYE GARI: Tukubaliane basi, sheria inasema nini? Maana naona nahukumiwa na majirani.

MUUGUZI: Ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Ipo ya Mazingira ya 2004, na kanuni za kelele na mitetemo za 2015. Baa ikizidisha muziki NEMC, wale wa baraza la mazingira, wanafika, hata nyumba za ibada zimeguswa. Baa haina magurudumu, inakutwa pale pale. Wewe ukishapita mizani ya Vigwaza nani atakukimbiza na kipimo? Trafiki akikukamata ni faini tu. Aliyeweka bomba la stenlesi anailipa kama kiingilio. Wiki ya Nenda kwa Usalama wanakagua breki, taa na matairi, wanabandika stika. Sijamwona aliyeinama na kipima sauti nyuma ya gari.

MWENYE GARI: Basi mtupe uwanja. Kisarawe ina ardhi. Wekeni lami, wekeni geti, tulipe, tukanyage mafuta huko, mjini tutembee taratibu.

MUUGUZI: Ardhi ya wapi? Upande huu kuna msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, umehifadhiwa. Ukiuvuka unakuta vijiji, mpaka Maneromango huko. Bibi wa kule hajaomba chochote kwako. Kelele isiyovumilika Maili Moja itavumilika vipi kwake kwa sababu tu nyumba yake iko mbali na lami?

MWENYE GARI: Kwa hiyo mjini hapana, porini hapana. Niuze gari?

MWALIMU: Uwanja unaweza kujengwa mbali na makazi, na wenyewe wakaulizwa kwanza. Hilo si la leo wala la kesho. La leo ni fundi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wanarasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na chuo chao cha Pwani kiko hapa Kibaha. Fundi apate cheti, anunue kipima sauti, kila gari linalotoka kwake liandikiwe karatasi: desibeli ngapi, masega yapo au hayapo, nani kafunga. Karatasi hiyo trafiki anaweza kuisoma.

FUNDI: Na nikifika 97 nimkatalie mteja?

MWALIMU: Umkatalie.

MWENYE GARI: Mimi nitakwenda kwa mafundi wa Gerezani, mjini. Nasema ukweli, sitaki kukuficha. Wapo kumi watakaonifungia leo leo.

FUNDI: Mmemsikia? Anakwenda Gerezani, anafungwa bomba wazi, usiku anarudi kupitia hii hii barabara, sista anaamka vile vile, na mimi nimekosa hela ya wiki. Kelele haijapungua hata desibeli moja. Mwalimu, karatasi yako inamzuia nani, zaidi ya aliyeamua kuwa mwaminifu?

MWALIMU: Karatasi ya mtu mmoja haizuii kitu. Ndiyo maana nasema mafundi wote, Gerezani, Kiluvya na Mlandizi.

FUNDI: Nani atawaita? Mimi siwezi kumwita fundi wa Gerezani kikaoni.

MUUGUZI: Tutawaita sisi tusiolala. Serikali ya mtaa, halmashauri, NEMC wenyewe. Fundi, nitakuja na wewe, ukaseme pale kile ulichokisema hapa, kwamba inawezekana gari liende na jirani alale. Wakisikia kwangu watasema mama analalamika. Wakisikia kwa fundi ni jambo lingine.

FUNDI: Nikisema hivyo, wateja watasema nimewauza.

MWENYE GARI: Tutasema.

FUNDI: Basi kuna njia ya katikati, na hii naweza kuianza wiki hii. Klapu. Naweka njia mbili, moja inapita kwenye sailensa kubwa, ya pili iko wazi, na klapu katikati inaendeshwa na swichi. Mjini imefungwa, desibeli 96 au chini. Akifika pasipo na watu, anafungua. Kijana anapata mlio wake, sista analala, na mimi napata kazi mbili badala ya moja.

MWENYE GARI: Hiyo naichukua. Niletee bei.

MUUGUZI: Swichi inakaa wapi?

FUNDI: Ndani, karibu na gia.

MUUGUZI: Na saa saba usiku, mkono ulio karibu na gia ni wa nani?

MWENYE GARI: Wangu.

MUUGUZI: Kwenye kile kikao nitakwenda, fundi. Uje au usije.